Lugha ya Milio ya Merikebu

Merikebu nazo zina lugha, ingawa maneno yake ni machache. Zikionana, mlio mmoja mfupi maana yake, "Nageuka kuume", miwili, "Nageuka kushoto", mitatu, "Mitambo yangu yarudisha nyuma." Katika ukungu, mlio mrefu husema tu, "Nipo mwendoni." Hapo twaona upungufu wake: sikio halijui omo umeelekea wapi.

Usiku wa tarehe 29 Mei 1914, katika mto St. Lawrence, nchi ya Kanada, Empress of Ireland ilipiga mitatu ukunguni. Storstad, merikebu ya makaa ya Norway, ikajibu kwa mmoja mrefu. Zilisikilizana, zikagongana. Empress ilizama kwa dakika 14, wakafa watu zaidi ya 1,000. Baraza la Kanada liliilaumu Storstad. La Norway, Empress.