Bahari ni ya nani? Malindi 1968, Kuruwitu 2005

Mjadala wa "rasilmali ni ya nani" umerudi. Mimi wa Ainabkoi bahari naionea kwa simu, lakini anayeishi karibu na msitu wa Kaptagat ataelewa haraka.

1968 serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Ndani ya hifadhi, kuvua ni marufuku. Mtalii analipa, anavaa mtungi wa hewa, anazamia kutazama matumbawe na kasa. Mvuvi ambaye babu yake alivua hapohapo akitupa nyavu, anashikwa. Diani ilipotangazwa 1995, wavuvi walikataa, hifadhi ikabaki kwa makaratasi.

Sasa cheki Kuruwitu, Kilifi. Samaki walikuwa wamepungua vibaya, na 2005 wavuvi wenyewe wakafunga kama hekta 30. Wakaiita tengefu. Samaki wakarudi, wageni wakafuata, na 2017 wakapewa Tuzo ya Equator ya UNDP.

Kote ni kufunga bahari, ila Kuruwitu waliofunga ndio wanaovua. Kwa hivyo ile hoja ya "wenyeji hawapendi uhifadhi" mimi siikubali.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema bahari ni ardhi ya umma, serikali ya kitaifa inaishikilia kwa niaba ya wananchi. Anayeomba kura muulizeni: pesa za kiingilio, ngapi zinarudi kijijini?