Katapila Lipi, na la Mwaka Gani? Istilahi za Kutambulia Matrekta ya Minyororo ya Zamani

Katika hati nyingi za ofisi, na hata katika maandishi ya historia yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, neno katapila limebebeshwa mzigo unaolizidi nguvu. Huandikwa katapila pale palipokuwa na trekta la minyororo la kiwanda chochote. Huandikwa katapila pale palipokuwa na buldoza. Na mara nyingine huandikwa katapila pale ambapo mwandishi hakujua hata kidogo ni mashine gani iliyokuwapo. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina madhara. Lakini mtu anapotaka kujua trekta fulani ni la modeli gani na liliundwa lini, neno hilo humwacha njia panda. Tunakusudia kueleza hapa jinsi utambuzi huo unavyofanywa, na istilahi zinazohitajiwa ili Kiswahili kiweze kuueleza bila kuupoteza ushahidi.

Jina lenyewe lina historia yake. Mwezi wa Novemba 1904 Benjamin Holt wa mji wa Stockton, California, aliijaribu mashine yake ya mvuke iliyokuwa na minyororo mipana mahali pa magurudumu ya nyuma, katika ardhi tepetepe ambamo magurudumu ya kawaida yalikuwa yakizama. Mpiga picha mmoja, Charles Clements, alipoiona ikienda alisema kwamba inatambaa kama kiwavi. Holt alilipenda neno hilo, na mwaka 1910 likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Huko Uingereza nako, kampuni ya Hornsby ya Grantham ilikuwa na mnyororo wa namna hiyo uliobuniwa na David Roberts, na haki zake hatimaye ziliuzwa kwa Holt. Mwaka 1925 kampuni ya Holt iliungana na ile ya mshindani wake, C. L. Best, ikapatikana Caterpillar Tractor Company.

Sisi tuliikopa sauti ya jina tukaiacha maana yake. Hakuna aliyethubutu kuiita mashine hii kiwavi, na pengine ni heri, maana bwana shamba anayeandika ripoti juu ya viwavi jeshi ana matatizo ya kumtosha. Lakini mkopo huo umetuachia kazi. Jina la kampuni moja limekuwa nomino ya jumla, hata tukaweza kusema bila kushtuka, "katapila la Allis-Chalmers" au "katapila la International", kampuni ambazo zilikuwa washindani wa Caterpillar. Ndugu yake, tingatinga, lilitokana na mlio wa mashine; ni neno zuri, lenye uhai, lakini wengine hulitumia hata kwa trekta la magurudumu. Kwa hiyo tunaona kwamba maandishi ya kitaalamu yatumie trekta la minyororo kwa aina ya mashine, na Caterpillar, kwa herufi kubwa na tahajia yake ya asili, kwa kampuni peke yake. Katapila na tingatinga yabaki kwa wasimulizi na waandishi wa riwaya, ambao hawaulizwi namba.

Je, yafaa kuhangaika hivyo kwa ajili ya vyuma vikuukuu? Tuchukue mfano ulio wa kwetu. Mwezi wa Novemba 1946 Serikali ya Uingereza iliukubali mpango mkubwa wa kulima karanga, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947 chini ya United Africa Company, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa shirika la umma, Overseas Food Corporation. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha ekari 7,500. Mpango uliachwa mwezi wa Januari 1951, baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, wakuu wa mpango walinunua yaliyokwisha kutumika, kutoka katika marundo ya zana za jeshi huko Filipino na Misri.

Tangu hapo kumekuwa na kauli mbili juu ya kushindwa kwa Kongwa. Ya kwanza hulaumu mashine: kwamba yaliletwa makuukuu yaliyochoka vitani, yakafa mbele ya vichaka na mibuyu. Ya pili hulaumu wapangaji: udongo wa mfinyanzi uliokauka ukawa kama saruji, mvua zisizotegemewa, na haraka isiyo na uchunguzi. Hatudai kwamba namba za matrekta peke yake zitaamua kesi hiyo. Lakini ni dhahiri kwamba kauli ya kwanza haiwezi kupimwa mpaka ijulikane ni mashine zipi zilizokuwa kuukuu na zipi zilizokuwa mpya, na mfasiri anayekuta "Caterpillar D8" katika hati ya mwaka 1947 akaandika "tingatinga kubwa" amekwisha kuuondoa ushahidi mezani.

Basi tuutazame utaratibu wenyewe. Katika matrekta ya Caterpillar ya wakati ule, D8 ni jina la modeli. D ni ya dizeli, na tarakimu huonyesha daraja ya ukubwa: D2 ndilo lililokuwa dogo, D8 ndilo kubwa. Jina hilo peke yake halitoi umri, kwa sababu modeli moja iliendelea kuundwa kwa miaka mingi huku ikibadilishwa ndani. Umri hutafutwa katika namba ya mfululizo, yaani ile iliyogongwa kwenye chuma na kuandikwa kwenye kibati kilichobanwa juu ya mashine. Namba hiyo huanza na tarakimu na herufi, kwa mfano 2U, ambazo tunapendekeza ziitwe kitangulizi. Kila kitangulizi kilikuwa na hesabu yake iliyoanzia moja: 2U1 lilikuwa trekta la kwanza la mfululizo wa 2U, likafuatwa na 2U2, na kuendelea. Hapa neno mfululizo linastahili kabisa, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyokuwa kiwandani. Namba ya chasisi, ambayo makarani wengi huiandika kwa mazoea ya magari ya barabarani, haifai.

Kitangulizi ndicho kinachofungua mlango. D8 lenye 1H ni la kuanzia 1935 hadi 1941; lenye 8R ni la miaka ya vita, 1941 hadi 1945; lenye 2U lilifuata na kuendelea hadi 1953. Kwa upande wa D7, mfululizo wa 7M ulikwisha mwaka 1944, na wa 3T ulianza mwaka huo ukaendelea hadi 1955. Msomaji ataona faida yake mara moja. Orodha ya mali ya Kongwa ikitaja D7 lenye 7M, trekta hilo haliwezi kuwa liliundwa mwaka 1947, hata kama lilifika bandarini limepakwa rangi mpya inayong'aa. Ikitaja 3T, jambo bado halijaamuliwa: laweza kuwa la vitani, laweza kuwa jipya. Hapo kitangulizi hakitoshi. Hutakiwa namba nzima, ilinganishwe na jedwali la kiwanda linaloonyesha kila mwaka ulianzia namba ipi.

Herufi hizo husema mambo mengine pia. Trekta dogo la D2 liliuzwa kwa mapana mawili, inchi 40 na inchi 50, kutoka katikati ya mnyororo mmoja hadi katikati ya mwingine. Lile jembamba la baada ya vita lina 4U, na lile pana lina 5U. Fundi aliyesoma kitangulizi hahitaji kuchukua futi kamba.

Zipo dalili za macho, nazo ni msaada, ila zisipewe cheo kisicho chao. Matrekta ya Caterpillar yalitoka kiwandani na rangi ya kijivu hadi mwishoni mwa 1931, kisha yakawa ya manjano. Lakini rangi ni kitu cha kupakwa, na yako mengi ya kijivu yaliyogeuzwa manjano na wenyewe. Injini ndogo ya petroli, iliyowekwa ubavuni ili kuiamsha injini kubwa ya dizeli, ilidumu miaka mingi mno kuweza kutaja mwaka. Umbo nalo hudanganya: trekta la Stalinets S-60, lililoanza kuundwa Chelyabinsk mwaka 1933, liliigwa kutoka Caterpillar Sixty, na katika picha iliyofifia hata mjuzi huweza kusita.

Mtego mbaya zaidi ni maandishi yaliyopo kweli juu ya mashine lakini yasiyoihusu mashine. Buldoza, kwa asili, si trekta bali ni sepeto kubwa lifungwalo mbele yake pamoja na mikono yake. Kabla ya vita na wakati wa vita masepeto mengi yaliyofungwa kwenye matrekta ya Caterpillar yaliundwa na kampuni nyingine, kama LeTourneau na LaPlant-Choate, nazo ziliweka majina yao. Winchi ya nyuma huenda ina jina la Hyster. Karani akiandika jina aliloliona kubwa kuliko yote, atakuwa ameandika mwenye sepeto na kumsahau mwenye trekta. Ndiyo maana tunataka buldoza na trekta la minyororo yasitumiwe kama visawe katika orodha za mali.

Kadhalika, tarakimu zilizoinuka juu ya chuma cha kumiminwa, ambazo ndizo husomeka kwa urahisi, kwa kawaida ni namba ya kipuri: hutaja kile kipande, na vipande maelfu vya namna ile vina namba hiyo hiyo. Namba ya mfululizo huwa imegongwa kwa patasi za herufi, imezama ndani ya chuma, na mara nyingi imejaa grisi na kutu. Ukishausafisha uso wa chuma kwa brashi, ukaupaka chaki na kuufuta kidogo, herufi hubaki nyeupe. Namba ya injini nayo isomwe, lakini iandikwe mahali pake pa peke yake, kwa kuwa injini huhamishwa kutoka trekta moja hadi jingine, na katika karakana yenye uhaba wa vipuri ni ajabu isipohamishwa.

Kampuni nyingine zilikuwa na desturi zao. International iliandika TD-6, TD-9, TD-14 na TD-18, ambapo D ni dizeli vilevile. Allis-Chalmers, yenye rangi ya chungwa, ilitumia HD, na HD-14 lilitangulia HD-19 lililotokea mwaka 1947. Vifupisho hivi visifasiriwe kamwe. Vinakiliwe vilivyo, pamoja na kistario chake.

Limebaki Shervick, na hili lilitumika kwetu hasa. Wakati mpango wa karanga ulipopungukiwa na matrekta, kampuni ya Uingereza ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya Kimarekani vya aina ya Sherman, ikaviondolea mizinga na silaha zake, ikaviunda upya kuwa matrekta; jina lilikatwa kutoka Sherman na Vickers. Mashine kama hii ni ya mwaka gani? Chuma chake kikubwa kiliundwa Marekani wakati wa vita kwa kazi ya vita, na trekta lenyewe lilizaliwa Uingereza baada ya vita. Fomu yenye nafasi moja ya "mwaka" humlazimisha karani kuchagua, na kila achaguacho kina upungufu. Kwa mashine ya namna hii tunapendekeza nafasi mbili, mwaka wa kuundwa na mwaka wa kugeuzwa, na kando yake mwaka wa kupokelewa, ambao ndio pekee unaopatikana katika hati nyingi na ambao, kwa bahati mbaya, ndio unaoandikwa mahali pa ile mingine yote.