Kutoka Bikari hadi Kompyuta: Mistari ya Ramani za Ncha za Dunia

Ramani ya dunia aliyoitoa Gerardus Mercator wa Flanders mwaka 1569 ilifuata projeksheni, yaani kanuni ya kuhamishia uso wa tufe kwenye karatasi bapa, ambayo iliwafaa mabaharia lakini ilizidi kuzikuza nchi kadiri zilivyokaribia ncha, hata ncha zenyewe zisiweze kuonyeshwa. Kwa sababu hiyo Mercator aliichora Ncha ya Kaskazini pembeni, katika ramani ndogo ambayo longitudo zake zilitawanyika kutoka katikati kama spoki za gurudumu, na latitudo zikawa miduara iliyozunguka kitovu kimoja.

Elimu ya miduara hiyo ilikuwa ya kale. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria alieleza projeksheni ya stereografia, ambayo baadaye wanajimu wa Kiislamu waliitumia kwa karne nyingi kutengenezea astrolabu, chombo cha kupimia mahali pa nyota. Katika projeksheni hiyo duara la kwenye tufe hubaki duara kwenye karatasi, au huwa mstari ulionyooka, kwa hiyo rula na bikari vilitosha kuichora. Na mwaka 1695 Edmond Halley alichapisha uthibitisho kwamba pembe zake hazipotoki.

Kompyuta ilipochukua kazi hiyo, bikari ilitoweka. Programu ya PROJ, iliyoandikwa na Gerald Evenden wa idara ya jiolojia ya Marekani katika miaka ya 1980, na ile ya GMT, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Paul Wessel na Walter Smith katika Chuo Kikuu cha Columbia, hukokotoa mahali pa kila nukta, kisha nukta hizo huunganishwa kwa vipande vifupi vilivyonyooka. Tao la nyuzi 90 likiunganishwa ncha zake mbili tu, mstari hukengeuka kwa takriban asilimia 29 ya nusu kipenyo cha duara, ilhali nukta zikiwekwa kila baada ya nyuzi 1, kosa hushuka chini ya asilimia 0.004 na jicho haliwezi kuliona.

Hivyo usahihi uliotegemea mkono wa mchoraji sasa hutegemea idadi ya nukta, na ramani ya ncha yenye latitudo zilizovunjika pembe haina budi kurekebishwa kabla ya kuchapishwa.