Safari ya Jangwani Hupangwa kwa Maji

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi huitumia methali hii kwa mambo mengi yasiyohusu maji hata kidogo. Lakini katika nchi kavu ya kaskazini ya Kenya maneno hayo yana maana iliyo wazi kabisa: msafiri aliyekisia tu habari za maji yaliyo mbele yake alihatarisha maisha yake na ya wenziwe. Katika insha hii, ewe msomaji, nakualika tupange safari fupi ya jamaa moja katika nchi hiyo, na huku tukipanga tuwaulize waliotutangulia walifanyaje. Utaona kwamba historia haikai vitabuni tu kungojea mitihani. Humfaa hata mtu anayefunga mizigo yake.

Tuseme kwamba baba, mama na watoto wao watatu wamepata likizo ya wiki moja. Wameazimia kutoka Nairobi kwa motokaa, kupita Isiolo hadi Marsabit, kuutazama msitu wa mlima ule, kisha kuvuka jangwa la Chalbi mpaka North Horr, na mwisho kufika Sibiloi, mbuga ya taifa iliyo kando ya Ziwa Turkana upande wa mashariki. Ukiitazama njia hiyo katika ramani utadhani ni jambo jepesi. Safari ya Nairobi hadi Marsabit, ambayo ni zaidi ya kilomita 500, hupita juu ya lami tangu barabara kuu ya kwenda Moyale ilipokamilika katika miaka ya 2010. Lakini baada ya Marsabit lami huachwa nyuma, na hapo ndipo mpango wa safari huanza kupimwa.

Wa kwanza tutakaowauliza ni watu wa msafara wa mwaka 1887. Mwaka huo Hesabu ya Watu na mizigo ilifanywa Pangani, katika pwani ya Tanzania ya leo, na msafara wa mamia ya wapagazi ukaondoka kuelekea bara. Wenye msafara walikuwa Samuel Teleki, mtu wa ukoo bora wa Hungaria, na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria. Pamoja nao alikuwapo Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za Umasaini. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kusikia habari za ziwa kubwa lililo mbali kaskazini, na wenyeji wa ufukoni walilijua tangu kale. Ila Wazungu walikuwa bado hawajaliona.

Mpango wao ulikuwaje? Walichukua bunduki, nguo, ushanga na nyaya za shaba ili wapate kununua chakula njiani. Maji hawakuweza kuyachukua ya kutosha. Fanya hesabu mwenyewe. Watu 200 wakinywa lita 5 kila mmoja kwa siku, ni lita 1,000, yaani kilo 1,000. Mpagazi mmoja akibeba kilo 30, watahitajika wapagazi 34 kubeba maji ya siku moja tu, na hao wapagazi nao wanakunywa! Kwa hiyo msafara ule ulilazimika kutegemea maji ya njiani, na maji ya njiani hujulikana na wenyeji peke yao.

Mnamo Machi 1888 waliteremka juu ya mawe meusi ya volkano, katika jua kali, hata wakaliona ziwa mbele yao. Watu waliokuwa na kiu walikimbilia maji yale kwa shangwe. Walipoyaonja wakakuta yana magadi. Maji ya Ziwa Turkana huweza kunyweka kwa shida, lakini hayamfurahishi mtu aliyechoka na kukaukwa na koo. Teleki akaliita ziwa lile Rudolf, kwa jina la mrithi wa ufalme wa Austria, na jina hilo likadumu mpaka mwaka 1975 lilipoitwa Turkana. Katika safari hiyo ndefu njaa na maradhi viliwapata, na wapagazi wengi hawakurudi makwao. Mlima mmoja wa volkano kusini mwa ziwa hata leo huitwa kwa jina la Teleki. Waliobeba mizigo mpaka wakafa hawakuachiwa hata kilima.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba wingi wa mali na silaha si mpango. Msafara ule ulikuwa na vitu vingi, lakini jambo kubwa kupita yote, yaani kujua maji matamu yako wapi na ni kiasi gani, halikuwa mikononi mwa wenye msafara.

Wa pili tutakaowauliza ni watawala. Serikali ya kikoloni ilipoieneza mamlaka yake kaskazini, ilikuwa na mpango wa namna nyingine: mpango wa kuzuia safari. Sheria ya mwaka 1902 iliiruhusu serikali kuzifunga wilaya za mbali, ili mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ikazidisha nguvu za maafisa juu ya nyendo za watu na mifugo. Mfugaji ambaye babu yake aliwafuata mawingu na malisho kwa hiari yake, sasa aliambiwa asivuke mstari aliochorewa na mtu asiyemjua ngamia. Jangwa likafanywa ukuta, na ng'ambo ya ziwa likafanywa gereza: baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Waliomweka huko walijua kwamba mahali pasipo maji hapahitaji kuta nyingi.

Usidhani kwamba uhuru uliifungua njia ile mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1963 kulitangazwa hali ya hatari katika kaskazini mashariki, vita vya Shifta vikafuata, na sheria za hatari zilizoihusu Marsabit pia hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Tena, mwongozo wa uchumi wa serikali wa mwaka 1965 ulisema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi mahali penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ambapo zitaleta faida upesi. Kwa hiyo nchi kavu ikangoja. Watu wa Marsabit walizoea kusema, walipokuwa wakienda Nairobi, kwamba wanakwenda Kenya. Fikiri, msomaji, uzito wa maneno hayo katika kinywa cha raia wa Kenya. Jamaa yetu itakapopita Isiolo bila kuulizwa kibali, na ijue kwamba inapita mahali ambapo wengi walirudishwa.

Mwaka ule ule wa 1934 ziwa lenyewe lilitoa funzo. Vivian Fuchs, mtaalamu wa elimu ya miamba kutoka Uingereza, alikuwa akilichunguza pamoja na wenzake. Wawili kati yao walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini, na tangu siku hiyo hawakuonekana tena. Upepo wa Ziwa Turkana ni mkali kupita kiasi, na huweza kuvuma ghafula. Siku hizi upepo huo huzungusha mitambo 365 ya kutoa umeme karibu na Loiyangalani. Lakini kwa mwenye mashua ndogo, nguvu ile ni hatari tupu.

Wa tatu tutakaowauliza ni wale tuliopaswa kuwauliza kwanza, yaani wenyeji. Wagabra na Warendille wamefuga ngamia pembezoni mwa Chalbi kwa vizazi vingi. Chalbi hapo kale lilikuwa ziwa. Sasa ni uwanda wa chumvi na udongo uliopasuka, na maji mazuri hupatikana katika chemchemi na visima vya pembezoni, kama vile Kalacha na Maikona. Hao hawakuishi kwa bahati. Waliishi kwa mpango.

Watazame Waborana, majirani wa Wagabra na wenye lugha moja nao, jinsi wanavyovitawala visima vyao. Kisima kirefu kina baba yake, yaani mtu ambaye ukoo wake ulikichimba au kukifufua. Kina pia msimamizi wa zamu, aitwaye abba herega, ambaye kazi yake ni kuamua mifugo ya nani inywe leo, ya nani ingoje, na nani amekiuka taratibu. Wanaume husimama kisimani mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu, huku wakiimba ili mikono isipoteze mwendo. Mgeni mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Lakini mgeni aletaye kundi zima la mifugo sharti aombe na angoje zamu yake. Je, hiyo si serikali? Ina sheria, ina mahakimu, ina kazi ya pamoja, nayo ilikuwapo kabla ya kibali cha kwanza kuandikwa.

Basi turudi kwa jamaa yetu, maana sasa tunaweza kupanga.

La kwanza ni maji. Watu watano, kila mmoja na lita 5 za kunywa na kupikia, kwa siku tano watakazokuwa nje ya Marsabit, wanahitaji lita 125. Waongeze siku mbili za akiba, iwapo gari litaharibika: lita 50. Jumla ni lita 175, yaani mitungi tisa ya lita 20. Mitungi hiyo ni mizito, na huenda watoto wakalalamika kwamba hakuna nafasi ya vitu vyao. Vitu viachwe, maji yaende. Wala maji yote yasiwekwe katika chombo kimoja, kwa sababu chombo kimoja kikipasuka huondoka na mpango wote.

La pili ni majira. Katika mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, uwanda wa Chalbi huweza kugeuka matope, na magari hukwama humo. Miezi mikavu hufaa zaidi. Hata hivyo mwendo uwe wa asubuhi na alasiri, si wa adhuhuri, na usiku watu wapumzike.

La tatu ni wenzi wa safari. Magari mawili ni bora kuliko moja. Magurudumu mawili ya akiba ni bora kuliko moja. Na mafuta yajazwe Marsabit, si kutumainiwa mbele. Askari wa wanyama wa Marsabit na wa Sibiloi waarifiwe siku ya kuondoka na siku ya kufika. Mtu ambaye hakuna anayemngojea hakuna atakayemtafuta.

La nne, na ndilo nililokusudia hasa, ni kuuliza. Dereva awaulize wenyeji hali ya njia, usalama wa siku hizo, na kisima kipi kina maji. Akifika kisimani asiliingize gari lake mbele ya ngamia waliongoja tangu alfajiri. Ateremke, asalimu, amtafute msimamizi, aombe. Asioshe gari kwa maji ambayo mtu ameyainua kwa mikono yake.

Wakifanya hivyo, jamaa hao watayaona mengi. Juu ya Marsabit wataona msitu wa kijani unaonyweshwa na ukungu, ambamo aliishi ndovu Ahmed, aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hata akafa kwa uzee mwaka 1974. Na ni Kenyatta yule yule aliyefungwa katika nchi kavu ya ng'ambo ya ziwa! Katika Sibiloi, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1973, wataona miti ya kale iliyogeuka mawe, ushahidi kwamba nchi ile ilikuwa na mvua nyingi. Wataiona Koobi Fora, ambako Richard Leakey na wenzake walianza kuchimba mwaka 1968, na ambako Mkenya Bernard Ngeneo aligundua mwaka 1972 vipande vya fuvu lenye umri wa miaka karibu milioni mbili. Binadamu wa kale waliishi pale kwa sababu palikuwa na maji.

Hilo nalo lisitufanye tujisahau. Maji mengi ya Ziwa Turkana huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na mwaka 1997 Sibiloi ilipoingizwa katika urithi wa dunia watu walifurahi. Lakini mwaka 2018 mbuga za ziwa hilo ziliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa ajili ya bwawa kubwa lililojengwa juu ya mto huo. Kwa hiyo swali la abba herega, yaani nani anywe leo na nani angoje, halikuishia kisimani. Siku hizi ni swali la mataifa mawili, na mvuvi wa Turkana, ambaye hakuitwa mkutanoni, yumo ndani yake.

Basi, ewe msomaji, siku utakapopewa kazi ya kupanga safari, anza na maji, kisha uliza maji hayo ni ya nani. Teleki alikuja na ushanga, serikali ikaja na vibali, lakini wenyeji walidumu kwa sababu walijua kuhesabu, kungoja na kugawana. Ukiyabeba hayo matatu pamoja na mitungi yako tisa, utakwenda salama, na waliokupa maji watakukaribisha tena.