Mafungo ya Padri na Monasteri ya Mokoto

Kila mara padri anapokwenda mafungo, sisi makatekista wa Shasha hubaki tukiongoza ibada ya Neno la Mungu, tukiwatembelea wagonjwa na kuwazika marehemu. Manung'uniko nayo hayakosekani. Mchungaji awezaje kuwaacha kondoo juma zima, katika barabara hii ya Sake na Minova ambako watu hawaishi kukimbia? Swali hilo si utovu wa adabu, nalo limetufanya tuirudie historia.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliyaanza Mazoezi yake ya Kiroho huko Manresa, Hispania, mwaka 1522, akiwa bado mlei (jambo ambalo sisi walei twapenda kulikumbusha). Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwadai mapadri wa majimbo wafanye mafungo walau mara moja kila miaka mitatu, na ile ya mwaka 1983 ingali inawadai, ikiachia Kanisa mahalia kupanga namna yake. Kwa hiyo padri anayeondoka hajitafutii likizo, bali anatii. Anayewagawia wengine Sakramenti mchana kutwa huweza kusahau kwamba yeye naye ni mkosefu, mwenye kuhitaji kukaa mbele ya Bwana mikono mitupu.

Lakini sheria peke yake haimtulizi mwenye kunung'unika. Jibu la karibu zaidi tunalipata hapa hapa Masisi, kwenye maziwa ya Mokoto. Mwaka 1954 Watrapisti kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, walianzisha huko monasteri ya maisha ya sala, kazi ya mikono na kimya. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoifuata, yaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Siku za amani, mgeni wa monasteri ni mtu aliyechoka na kelele za dunia.

Mwaka 1996 walikuja wageni wengine. Vita ilikuwa imeenea Masisi, na mamia ya Watutsi waliofukuzwa makwao walikimbilia monasterini. Wakapokelewa. Mwezi Mei watu wenye silaha waliivamia nyumba ile, na wengi wa wakimbizi wakauawa. Watawa nao walilazimika kuihama.

Wapo wasemao kwamba siku zile sala za Mokoto zilishindwa. Hatuna neno jepesi la kuwajibu, hasa waliopoteza ndugu zao pale. Twajua tu kwamba mlango ule ule uliowapokea wenye kutafuta utulivu ndio uliofunguliwa kwa wenye kutafuta uhai, na kwamba waliowafungulia walikuwa watu wa kimya na sala. Walipofika Goma, watawa hao waliyaanza upya maisha yao huko Keshero.

Mwaka huu, kabla padri hajaondoka, tulikubaliana kumwandikia majina ya wagonjwa, wajane na waliohama makwao, ayachukue mafungoni. Mama mmoja, aliyekuwa akinung'unika kuliko wote, ndiye aliyeomba kalamu kwanza. Karatasi ilijaa pande zote mbili.