Butembo na Beni: miti ya kartie inalindwa na nani?

Butembo iko na komini ine: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni pia iko na ine. Wakaaji wengi wa miji hizi mbili wanapikia makala. Lakini tangu mauaji ya Beni yaanze mwezi wa 10 mwaka 2014, watu wanaogopa kufika porini. Basi miti ya karibu, ya barabara, masomo na makanisa, ndiyo inatamaniwa.

Kamati ya kujitolea haina polisi. Kazi yake ni kuhesabu miti pamoja na shefu wa kartie, na kukubaliana nani anaruhusu kukata.

Kaliptusi ikikatwa inachipuka tena kwenye kisiki, lakini inakunywa maji mingi: isipandwe karibu na chemchemi. Mvua ikianza, mwezi wa 3 ao wa 9, mpande ingine.