Mound Bayou: mji wa wakulima uliojengwa na waliokuwa watumwa

Mound Bayou ni mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kando ya barabara kuu namba 61 inayotoka Memphis kwenda Vicksburg. Wakaazi wake ni 1,500 hivi, na takriban wote ni weusi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1887 na watu waliozaliwa utumwani, na kwa miongo mingi meya, polisi, mwenye duka na mwenye shamba wote walikuwa weusi, katika jimbo ambalo mtu mweusi aliweza kuuawa kwa kumjibu Mzungu.

Eneo lenyewe huitwa Delta, na jina hilo huwapotosha wengi. Si mdomo wa mto, kama Delta ya Rufiji. Ni bonde tambarare lililo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, mbali kabisa na bahari. Mafuriko ya karne nyingi yamelijaza udongo mweusi wenye rutuba isiyo kifani. Palipojengwa mji pana kilima cha udongo kilichoinuliwa na wenyeji wa asili wa Amerika, karibu na makutano ya vijito viwili vya maji yaendayo polepole, na ndiyo asili ya jina. Mwaka 1887 palikuwa msitu mnene na kinamasi, penye homa, dubu na nyoka.

Mwanzilishi, Isaiah Montgomery, alizaliwa mwaka 1847 katika mashamba ya Davis Bend. Bwana wake, Joseph Davis, alikuwa kaka wa Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Baba yake Isaiah, Benjamin, alikuwa mtumwa aliyejua kusoma na kuandika na aliyeendesha duka lake mwenyewe shambani humo. Vita vilipokwisha, mwaka 1866, Davis alimuuzia mashamba hayo kwa mkopo wa dola 300,000. Mtumwa wa jana akawa mmoja wa wakulima wakubwa wa pamba wa Mississippi. Lakini mto ulifurika, bei ya pamba ikaanguka, deni halikulipika, na ardhi ikarudi kwa ukoo wa Davis.

Isaiah alijifunza kwamba ardhi ya deni si ardhi. Kampuni ya reli ilipotafuta walowezi wa kukaa kando ya njia yake mpya, yeye na binamu yake, Benjamin Green, walinunua ekari 840. Waliofika kwanza waliishi kwa kukata miti na kuiuza, huku wakilipia viwanja vyao kwa awamu. Pamba ilikuja baadaye. Mwaka 1904 Charles Banks alifungua benki, na mwaka 1912 Booker T. Washington alikuja kuzindua kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba.

Usalama huo ulikuwa na bei yake. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya kwa lengo lililotangazwa waziwazi: kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura. Wajumbe walikuwa 134, na mweusi alikuwa mmoja tu, Isaiah Montgomery. Alisimama akaunga mkono vipengele hivyo, ikiwa ni pamoja na kodi ya kichwa ya dola 2 na mtihani wa kusoma au kufafanua katiba. Frederick Douglass alimlaani vikali. Watetezi wake husema aliona jambo limekwisha kuamuliwa, naye akatafuta amani kwa ajili ya mji wake. Mwandishi wa makala haya, aliyeihama nchi yake kwa sababu za namna hiyo hiyo, anajua jinsi hesabu hizo zinavyopigwa usiku. Hata hivyo, mji mmoja ulipata utulivu, na weusi wa jimbo zima wakakosa kura hadi sheria ya mwaka 1965. Orodha ya makosa ya jinai yanayomnyima mtu kura, iliyoandikwa katika katiba hiyo, ilirekebishwa baadaye lakini haikufutwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza kesi ya kuipinga.

Benki ilifungwa mwaka 1914, na bei ya pamba ikaporomoka mwaka 1920. Vijana wengi walipanda treni kwenda Chicago. Montgomery alifariki mwaka 1924, na mwaka 1941 moto ukateketeza sehemu kubwa ya maduka.

Kilichouinua tena mji ni hospitali. Mwaka 1942 chama cha kusaidiana cha Tabor kilifungua hospitali ya vitanda 42, iliyojengwa kwa michango ya wakulima, ambamo mgonjwa mweusi aliingia kwa mlango wa mbele. Daktari wake mkuu wa upasuaji, T. R. M. Howard, hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1952 alieneza vibandiko vya magari vilivyowahimiza watu wasinunue petroli mahali wasiporuhusiwa kutumia choo. Msaidizi wake katika kampeni hiyo alikuwa kijana muuza bima aliyeitwa Medgar Evers. Mwaka 1955, kijana Emmett Till alipouawa, mashahidi na waandishi wa habari weusi walipata hifadhi nyumbani kwa Howard, penye walinzi wenye bunduki. Muda mfupi baadaye Howard alihamia Chicago kwa kuhofia maisha yake. Evers aliuawa mjini Jackson mwaka 1963.

Mashine za kuvuna pamba ziliwaacha vibarua bila kazi wala chakula. Mwaka 1967 daktari Jack Geiger na wenzake walifungua hapa kituo cha afya cha umma, kimoja cha vya kwanza nchini Marekani. Wazo lenyewe lilitoka Afrika: akiwa mwanafunzi, Geiger alifanya kazi katika kituo cha Pholela, Afrika Kusini. Madaktari waliandika maziwa na nyama kwenye karatasi za dawa, maduka yakatoa, na bili ikalipwa na duka la dawa la kituo. Wakubwa walipolalamika, Geiger aliwajibu kwamba tiba ya utapiamlo ni chakula. Kisha wakazi wakaanzisha shamba la ushirika la mboga na kunde.

Fannie Lou Hamer, mwanamke wa mashamba ya pamba aliyepigania haki ya kura, alifariki katika hospitali ya mji huu mwezi Machi 1977. Hospitali ilifungwa mwaka 1983. Kituo cha afya bado kinafanya kazi, na kina matawi kadhaa kwingineko katika Delta. Nyumba ya matofali ya Montgomery, iliyojengwa mwaka 1910, ingali imesimama.